Mizingani Chini ya Taa Nyekundu

Kioo chenyewe si kikubwa: upana sentimita 12, urefu 16 na nusu, unene kama wa kioo cha kabati la vyombo. Kililetwa na familia moja ya Mkunazini ndani ya bati la biskuti, pamoja na vingine vitano, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Kona moja imemeguka. Ukikiinua kwenye mwanga wa mlangoni unauona ulimwengu uliopinduliwa: mbingu nyeusi kama wino, kuta za chokaa nyeusi, na kila palipokuwa na kivuli pamekuwa uwazi ambao jicho hupenya hadi upande wa pili.

Fundi aliyepewa kazi ya kukichapa aliniruhusu nikae kwenye kigoda, pembeni ya chumba chake cha giza, kwa sharti nisiguse kitu na jina lake nisilitaje. Chumba kiko sakafu ya chini ya nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono wa mtu mzima, na dari ni ya boriti. Dirisha pekee limezibwa kwa ubao na kitambaa cheusi. Ameifanya kazi hii tangu utotoni, alipokuwa akitumwa kubeba ndoo za maji ya kuoshea picha.

Siku mbili vile vioo vilikaa juu ya meza bila kuguswa. Nilidhani ana kazi nyingine, kumbe kusubiri kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi. Picha ya kioo haimo ndani ya kioo. Imo katika utando mwembamba wa gelatini uliopakwa juu ya uso mmoja, na gelatini hunywa unyevu wa hewa. Kwenye mji wetu wa pwani hunywa sana. Ikishavimba huwa laini kama ngozi ya maziwa ya moto, na brashi yoyote itaichuna. Basi huachwa mahali pakavu mpaka inywee na kukaza. Siku ya tatu asubuhi Fundi alivaa glavu, akakishika kioo kwa kingo mbili, akakiinamisha kidogo kidogo chini ya taa, kama mtu anayeangalia kama sahani imeoshwa vizuri.

"Huku kunang'aa," akaniambia, "na huku kumefifia kama ganda la kitunguu. Huku kulikofifia ndiko kuliko na picha. Kuking'aa na huku, jua fedha imepanda juu." Kwenye kingo ilikuwa imepanda kweli: mng'ao wa buluu na kijivu, kama mafuta juu ya maji ya bandarini, unaotokea pale fedha iliyomo kwenye picha inapotembea kwa miaka mingi ikaja usoni. Hakujaribu kuufuta. Karibu na kona iliyomeguka palikuwa na madoa ya ukungu, na chini kushoto mdudu alikuwa amekula gelatini kwa mstari uliopinda, mfano wa mto kwenye ramani.

Alianza na pumzi ya mpira, lile puto dogo linalobonyezwa kwa kiganja, akipuliza vumbi kutoka katikati kwenda nje. Kisha brashi ya nywele laini, isiyo na uzito, akiiburura upande mmoja tu bila kurudi. Upande wa gelatini haukuona maji hata tone. Akakigeuza, akachukua pamba, akaichovya kwenye maji yaliyochujwa, akaikamua mpaka ikabaki na ubaridi tu, akafuta upande wa kioo kitupu kwa miduara midogo, akibadilisha pamba kila inapochafuka. Pamba ya kwanza ilitoka kahawia, ya nne ikatoka nyeupe. Nilitazama saa: dakika 40 zilikuwa zimekwisha kwa kioo kimoja, na taa nyekundu haijawashwa.

Kabla ya kuiwasha, alikilaza kioo juu ya meza yenye mwanga kwa chini, akachukua lenzi ya kukuzia, ile ya mtengenezaji saa, akainama. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuisoma picha ni sehemu ya kuichapa. Alikuwa akitafuta pahala, wakati na watu.

Pahala palijulikana mara moja: ni Mizingani, na mpiga picha amesimama mchangani, maji yakiwa yamekupwa. Ukitazama kutoka baharini, kushoto ni Beit al-Sahel, katikati Beit al-Hukm, kulia Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, lenye nguzo za chuma zinazozunguka roshani zake pana. Mpangilio huo ulimthibitishia Fundi upande upi wa kioo utazame karatasi. Akikosea, picha itatoka imegeuka, Beit al-Ajaib ihamie kushoto na Forodhani ihame nayo. Nimewahi kuona ukutani picha ya mji huu iliyochapwa kinyume, imewekewa fremu ya gharama, na watu wakipita wakiisifu. Mtu asiyezaliwa hapa hawezi kujua. Aliyezaliwa hapa huhisi tu kuwa amepotea nyumbani kwake.

Wakati alioutafuta ulikuwa wa aina tatu. Wa kwanza ni saa. Sehemu hii ya ufukwe hutazama upande wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi nyuso za majumba huwa kivulini. Kwenye kioo kuta zimepigwa na jua, lakini ndani ya baraza bado kuna giza zito. Basi jua limeshapita utosini na bado liko juu. "Adhuhuri imeshaswaliwa," alisema, "alasiri bado." Wa pili ni msimu. Juu ya jumba kuna bendera, na imenyooka kuelekea kushoto. Ukiwa umeipa bahari mgongo pale Mizingani, upepo unaotoka kulia kwenda kushoto unatoka kusini-magharibi. "Kusi hii." Wa tatu ni mwaka, na huo uliandikwa na mnara.

Mbele ya Beit al-Ajaib, ukingoni mwa bahari, kwenye picha umesimama mnara mrefu wa taa. Kwenye uso wa jumba lenyewe hakuna mnara wowote, ni ngazi za roshani tu, moja juu ya nyingine. Anayeijua Zanzibar ya miaka ya karibuni atashangaa, kwa sababu mnara wa saa uliokuwa umeshikana na jumba ndio uliochorwa kwenye kila kadi ya posta. Lakini ule ni wa mwaka 1897. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kufa kwa Sultani Hamad bin Thuwaini, manowari za Kiingereza zilizipiga mizinga kasri hizi ili kumtoa Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitangaza mrithi. Ilianza saa tatu, na kabla haijatimia robo tatu ya saa kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mamia ya watu walikufa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm haikusimama tena. Mnara wa taa uliharibika ukabomolewa, na jumba lililobaki likapewa mnara wa saa kifuani pake. Kwa hivyo kioo hiki ni cha baada ya 1883 na kabla ya Agosti 1896. Fundi aliandika hivyo kwenye daftari, kwa penseli, bila kupunguza wala kuongeza mwaka.

Kisha akawatafuta watu, na hapo alikaa na lenzi kwa muda mrefu kuliko kote. Majumba hayakumshughulisha. "Jumba halijifichi," alisema. "Watu wako kwenye giza la baraza."

Akawasha taa nyekundu, akazima nyingine zote.

Kwanza huoni chochote. Baada ya dakika mbili tatu vitu hujitokeza kimoja kimoja: trei tatu zimepangwa kwenye sinki, kila moja na kibano chake, saa ya ukutani yenye mshale mkubwa, mikono ya Fundi. Taa ni nyekundu kwa sababu karatasi ya picha haiioni rangi hiyo. Hata vioo vya karne ya 19 havikuiona, na yule aliyepiga picha hii naye alikitoa kioo chake kwenye dawa chini ya taa nyekundu, pengine ya mafuta, katika chumba kama hiki na joto kama hili. Kutoona huko kulimsumbua Fundi kwa namna nyingine. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, na kwenye picha itatoka nyeusi. Bluu, kwa upande wake, kioo kilikuwa kikiiona kama nyeupe, ndiyo maana picha nyingi za zamani za pwani yetu zina anga jeupe lisilo na wingu hata moja. Mtu asidhani kwamba siku hizo hakukuwa na mawingu.

Joto ndilo adui wa kwanza. Dawa ya kutolea picha hutaka nyuzi 20. Mchana wa Zanzibar maji ya bomba hayafiki huko hata uyaombe. Fundi hununua barafu dukani, huitia kwenye mfuko wa plastiki, huufunga, na kuuweka kwenye karai kubwa lenye maji, kisha trei ya dawa hukaa juu ya karai. Barafu haiguswi na dawa. Kipimajoto kiko ndani ya trei muda wote, na kila kinapopanda hadi 21 yeye huongeza kipande, kikishuka hadi 19 hukitoa. Nilihesabu mara 11 alizofanya hivyo asubuhi ile, bila kusema neno, kama mpishi anavyopunguza moto wa wali.

Trei ya kwanza ni ya dawa inayoitoa picha. Ya pili ina asidi hafifu yenye harufu ya siki, ya kuisimamisha dawa ya kwanza. Ya tatu huishika picha isipotee, nayo ina historia ndefu: ni Mwingereza John Herschel aliyeonyesha mwaka 1819 kwamba chumvi iliyomo ndani yake huyeyusha chumvi za fedha, na miaka 20 baadaye ikawa ndiyo inayoziokoa picha zisimezwe na mwanga. Hapa mjini watu husema "kusafisha picha" kwa kazi yote hii, na mimi naona wamelipata neno. Picha imo tayari kwenye karatasi tangu mwanga ulipoipiga. Kinachofanywa ni kuiondolea kinachoifunika.

Alichukua fremu ya mbao yenye kioo kinene mbele na mlango wa springi nyuma. Akalaza hasi, kile kioo cha Mizingani, ndani yake, gelatini ikimtazama. Juu yake akaweka utepe mwembamba wa karatasi ya picha, uso kwa uso, akafunga mlango. Hakuna kukuza hapa: picha itatoka ukubwa ule ule wa kioo, na chochote kilichomo kwenye kioo, hata unywele, kitaingia kwenye karatasi. Akaifunika fremu yote kwa kadi nyeusi isipokuwa ukanda mmoja, akawasha mwanga kwa sekunde mbili. Akasogeza kadi. Mbili tena. Akasogeza. Alipomaliza, ule utepe ulikuwa umegawanyika kwa ngazi sita, kutoka sekunde 2 hadi 12, na alipoutia kwenye dawa zikajitokeza kama vidato vya ngazi, kutoka weupe kwenda weusi.

Alitumia tepe nne kabla hajachukua karatasi nzima. Karatasi hiyo ni nzito, ya aina isiyopakwa plastiki, na haiuzwi hapa. Huagizwa nje, na kila pakiti ina karatasi 25 tu. Aliutazama utepe wa mwisho chini ya mwanga mweupe kwa muda. Sekunde 10 zilifaa kuta. Kwa sekunde 10, hata hivyo, baraza la Beit al-Ajaib lilikuwa giza tupu, na mlango wake mkubwa haukuonekana. Sekunde 5 zilifunua baraza, lakini kuta zikatoka nyeupe, bila mawe, bila ufa, kama jumba la karatasi.

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe, na ningependa msomaji aione kama nilivyoiona. Fundi alikata kipande cha kadi kwa mkasi mdogo, akikilinganisha na umbo la baraza, akakibandika kwenye ncha ya waya mwembamba. Akaweka karatasi nzima kwenye fremu. Akawasha mwanga, na papo hapo mkono wake wa kulia ukaingia chini ya taa ukishika waya, kivuli cha kadi kikatua juu ya baraza, na mkono ukaanza kutetemeka kwa makusudi, mtetemo mdogo usiokoma, wa juu na chini na wa kuzunguka. Mkono ukitulia, kivuli kitaacha ukingo, na ukingo huo utaonekana kwenye picha milele. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Alipofika tano akautoa mkono, mwanga ukaendelea tano nyingine, akazima.

Karatasi iliingia kwenye dawa kwa mteremko mmoja, ukingo kwanza, ili isishike mapovu. Akainua kona ya trei na kuishusha, kisha kona nyingine, mawimbi madogo yakipita juu ya weupe mtupu. Sekunde 10, hakuna kitu. Sekunde 20, doa la kijivu likatokea juu, nikadhani ni uchafu. Ilikuwa bendera. Halafu mstari wa chini wa majumba, pale yanapokutana na mchanga. Halafu nguzo, zote kwa pamoja, kama zilizosimamishwa na mtu mmoja. Mnara wa taa ulikuja polepole, kwa kuwa ulikuwa mweupe na kwenye mwanga mkali. Beit al-Hukm ikaja mwisho, dirisha baada ya dirisha, nyumba ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona. Nilisahau kuhema.

Fundi hakusahau saa. Dakika mbili zilipotimia aliinyanyua karatasi kwa kibano, akaiacha idondoshe dawa kutoka kona moja, akaipeleka kwenye trei ya pili, nusu dakika, kisha ya tatu. Alipowasha taa nyeupe aliangalia sehemu moja tu. Kuzunguka baraza palikuwa na mwanga hafifu kama wa taji. "Mkono ulichoka," alisema. Aliandika kwa penseli nyuma ya karatasi: 10, baraza 5, ukingo unaonekana. Akaiweka kando. Karatasi alizokosea hazitupi, kwa sababu kila moja ni somo la inayofuata.

Ya pili ilikuwa na ukungu, barafu ilikuwa imeyeyuka wakati tukizungumza, na kosa hilo lilikuwa langu. Nilinyamaza tangu hapo. Ya tatu alikata kadi upya, ndogo kwa upana wa ukucha, na mkono ukatetemeka kwa mduara mpana zaidi.

Barazani palikuwa na watu saba. Watatu wamesimama karibu na mlango, mavazi meupe, nyuso hazisomeki. Mmoja alikuwa akitembea, na kwa kuwa kioo cha siku zile kilihitaji muda kupokea mwanga, ameacha nyuma yake mkia wa ukungu, miguu haipo. Wawili wameinamiana. Na chini ya nguzo ya pili kutoka kulia amekaa mtu, magoti juu, mikono imezunguka magoti, ametulia tuli. Huyo ametoka mkali kuliko nguzo yenyewe. Kila mkunjo wa kanzu yake unaonekana. Kwenye utepe wa sekunde 10 hakuwapo. Kwenye karatasi nzima ya kwanza alikuwa doa. Mchapaji mwenye haraka angelichapa jumba, akalipwa, na mtu huyu angebaki gizani.

Picha ikishashikwa na dawa ya tatu huoshwa kwa maji yanayopita, saa nzima, kwa sababu dawa ikibaki ndani ya nyuzi za karatasi itaigeuza njano baada ya miaka. Saa hiyo tuliitumia kukunja migongo na kunywa kahawa, na Fundi akazungumza juu ya waliomtangulia. Wapiga picha wa kwanza wa mji huu walipaka dawa kioo wakakitumia kikiwa bado kibichi. Kikikauka, picha imekufa, na kwa joto letu kilikauka upesi. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alitangaza njia ya gelatini, na miaka ya 1880 vioo vilivyokuwa tayari, vikavu, vikaanza kuuzwa kwa masanduku. Kwa hivyo Beit al-Ajaib na kioo kikavu vilikuja pamoja. Studio za Wagoa, akina A. C. Gomes, Coutinho, na Pereira de Lord, zilipiga picha za kasri, bandari, masoko na milango ya nakshi, zikaziuza kwa mabaharia na wageni. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na hasi zake ni kumbukumbu ya mji kwa miongo kadhaa iliyofuata. Nyingi za picha hizo za mwanzo leo ziko mbali: mkusanyo wa Winterton pekee, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Nyingine ziko Nyaraka za Taifa, Kilimani, na nyingine, kama hizi sita, ziko ndani ya mabati ya biskuti.

Vile vioo vitano vilivyobaki alivionyesha kwa haraka. Kimoja ni hori la Darajani, maji yamejaa, mitumbwi imefungwa pale ambapo baadaye ziliegeshwa daladala. Hori hilo lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20 likawa barabara. Kingine ni garimoshi la Bububu, lililoanza kazi mwaka 1905, likipita kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba mwenye duka amejibana ukutani. Reli hiyo haipo. Viwili ni vya Shangani na kimoja ni uso wa mtoto. Hakuna hata kimoja cha Ng'ambo, upande wa pili wa hori la Darajani. Wapiga picha walisimama na kuupa upande ule mgongo, na nyumba zake za udongo na makuti, ambazo nyingi zilibomolewa baada ya Mapinduzi kupisha magorofa ya Michenzani, hazina kioo wala karatasi ya kuzikumbuka kwa wingi unaostahili. Hilo Fundi alilisema kwa uchungu. Bibi yake alizaliwa Ng'ambo.

Msichana anayejifunza kwake aliingia na kamera ya dijitali, akaweka kioo juu ya meza ya mwanga, akakipiga kwa vipande sita ili aviunganishe kwenye kompyuta. Anamwita Maalim, na Maalim humwachia sehemu hiyo yote bila wivu. Nakala ya kompyuta haiozi kwa unyevu na inaweza kwenda Kilimani na Marekani kwa siku moja. Alimwambia jambo moja tu: "Usimfute mdudu, mwanangu." Alikuwa na maana ya ule mstari uliopinda chini kushoto. Kompyuta inaweza kuujaza mchanga wa bandia usiotambulika na wa kweli, lakini mchanga huo haukuwahi kuwapo Mizingani.

Yeye mwenyewe hushika sheria hiyo hiyo. Picha ilipokauka, baada ya usiku mzima juu ya wavu, uso ukitazama juu, kisha siku moja ikikandamizwa kati ya vitabu vizito, alichukua brashi yenye nywele chache kama kope na rangi ya kijivu aliyoichanganya kwenye kisahani. Aliziba vidoa vyeupe vya vumbi, kimoja kimoja, kwa kugusa, si kwa kupaka. Vumbi ni la juzi, la chumba chake. Njia ya mdudu, ukungu wa kona na pale palipomeguka aliviacha. Kazi hii ilimchukua kutoka baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi, na alipomaliza sikuweza kuonyesha hata sehemu moja aliyoigusa.

Tulitoka tukapita Forodhani. Beit al-Ajaib ilikuwa imezungukwa na uzio. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele yake iliporomoka, pamoja na ule mnara wa saa wa 1897, na watu wawili wakapoteza maisha. Mafundi wa kuijenga upya watahitaji kujua nguzo ziliketi wapi na roshani ilipita urefu gani, na karatasi aliyokuwa nayo Fundi kwenye bahasha inajibu baadhi ya maswali hayo. Alisimama pale palipokuwa na mnara wa taa, akatazama juu, akahesabu nguzo kwa kidole, akafika ya pili kutoka kulia. Hapo hakusema kitu.

Kama nyumbani kwenu kuna vioo vya namna hii, usivioshe, usivifute kwa kitambaa, wala usivilaze kimoja juu ya kingine, kwani cha chini kitapasuka. Visimamishe kwa ukingo kama vitabu, kila kimoja kwenye karatasi yake, mahali pakavu palipoinuka kutoka sakafuni. Kisha mwite mkubwa wa nyumba akae karibu na dirisha, umshikie kioo kwenye mwanga, na uandike majina ya watu na mitaa atakayoyataja, leo, kwa penseli.